Fimbo ya Aliyepata

Nimepiga watu wengi maishani mwangu, na karibu wote niliwapiga katika mwaka mmoja, nikiwa msichana wa darasa la nne. Baadaye nilikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule mpaka nikastaafu, na waliofanya kazi chini yangu watakwambia kwamba Mama Yustina hakuwahi kushika fimbo. Walinicheka, wakasema nawalea watoto kama mayai. Sikuwaambia sababu, na wao hawakuuliza, kwa kuwa mkaguzi huwa haulizwi. Mwezi Machi mwaka huu nililetewa habari nyumbani kwangu Katandala, mjini Sumbawanga, kwamba Kasiani amefariki. Alikutwa shambani ameanguka kati ya matuta aliyokuwa akiyainua, jembe limelala juu ya miguu yake na mvua inamnyeshea. Mjukuu wangu alinipeleka kwa gari. Aliniuliza njiani kama marehemu alikuwa ndugu, nikamjibu kwamba tulisoma pamoja, akaridhika. Mimi nilikuwa nalifikiria sikio la kulia la marehemu.

Habari za ukoo wangu nitazipita. Yatosha kusema kwamba kwetu kulikuwa mbali na shule, kwa hiyo mwaka huo, miaka michache kabla ya Uhuru, niliishi nyumbani kwa Mwalimu Leonsi, nikimsaidia mkewe jikoni. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili na jiko lililoegemea ukuta wa nyuma, na kati ya jiko na sebule kulikuwa na tundu ambalo mwenyewe aliliacha ili joto la moto lipite, maana upande ule upepo hauna mti wa kuuzuia na mwezi Juni maji ya kwenye ndoo yanauma meno. Joto lilipita kwenda sebuleni, na maneno yakapita kuja jikoni. Mengi ninayoyajua kuhusu uendeshaji wa shule sikuyajifunza chuoni. Niliyasikia kwenye tundu lile, nikisonga ugali wa ulezi, huku Mama Gaudensia, mke wa mwalimu, akichambua maharage na kujifanya hasikii.

Jumapili moja baada ya misa, kabla mvua hazijakatika, alikuja Mzee Kalonga, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa mtu mrefu, aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti la keya, jeshi la Waingereza, ambalo hakulivua hata kanisani. Alifuatana na wazee wengine wawili wa kamati, na Mama Gaudensia akawapelekea mtungi wa pombe ya ulezi. Walikunywa kwanza. Kisha nikamsikia Mzee Kalonga akiweka kata chini.

"Mwalimu, tarishi ametoka bomani na barua. Baraza la Mwene limekaa na Bwana Shauri. Fedha za elimu hazitoshi. Bonde hili litabaki na shule moja."

"Ipi, mzee?"

"Hawajasema. Wanasema mtihani wa darasa la nne ndio utakaosema. Itakayofaulisha wengi itapewa mabati, mwalimu wa pili na darasa la tano. Nyingine inafungwa, madawati yake wanayabeba wanaipelekea iliyoshinda."

Bonde letu lilikuwa na shule mbili za Serikali ya Wenyeji, yaani ya Mwene, mtawala wetu wa jadi, chini ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya: yetu na ile ya Ng'ambo, upande wa pili wa mto. Zote zilikuwa na mwalimu mmoja mmoja na paa la nyasi. Zote zilijengwa kwa mikono ya baba zetu, waliofyatua matofali wakati wa kiangazi huku mashamba yao yakiwangoja. Kwa mtoto wa upande utakaoshindwa, darasa la nne ndilo lingekuwa mwisho wa habari, na wadogo zake wangevuka mto kwenda kusoma kwa adui, au wasisome kabisa.

"Sasa wewe hupigi," Mzee Kalonga akaendelea. "Nimepita nje ya darasa lako mara nyingi, sijasikia mtoto analia. Watoto wa Ng'ambo wanasikika mpaka mtoni."

"Mzee wangu, mtoto akiwa analia hasikii hesabu."

"Mtoto asiyelia hajasikia kitu. Mimi jeshini nilifundishwa bunduki kwa siku tatu, na sijui hata kusoma. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya kiboko. Kamati imekaa, mwalimu. Watoto wapigwe. Wewe ukishindwa kuwapiga na shule ikifungwa, sisi tutakuja kukupiga wewe na mipini ya majembe, mbele ya mkeo. Nakwambia mapema, usije ukasema hatukukuheshimu."

Walimaliza pombe, wakaaga kwa adabu zote. Mwalimu Leonsi alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kumsamehe hata kuku aliyekula mbegu zake. Alimwambia mkewe kwamba hawezi kuwapiga watoto wote wale, lakini amepata njia. Aliyepata jibu atamchapa aliyekosa. "Mkono wa mtoto ni mwepesi," alisema. "Watachapana kama wanavyocheza, na kamati watasikia kelele zao."

Mama Gaudensia aliacha kuchambua maharage. "Kwani wewe hukuwahi kuwa mtoto?" alimuuliza.

Jumatatu utaratibu ukaanza. Fimbo ilikuwa ya mkaratusi, imekatwa misheni, imebanduliwa maganda na kupakwa mafuta ya taa isipasuke. Mwalimu aliuliza, watu wakajibu, na aliyepata alipita kwenye mistari akimchapa kila aliyekosa kiganjani, mara mbili. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili mtoto mmoja aliyechapwa kwa nguvu aliweka kisasi, swali lililofuata akapata yeye, akakilipa na riba juu. Baada ya wiki hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa napata kuliko wote, kwa hiyo fimbo ilikaa kwangu, na mara nyingine haikurudi mezani asubuhi nzima. Nilikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto. Kuandika nililazimishwa kutumia wa kulia, tangu darasa la kwanza, kwa kufungwa kamba mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Lakini kwenye kuchapa hakuna aliyenilazimisha chochote, na mkono wangu wa kushoto, uliofungwa miaka yote ile, ukapata kazi. Nitasema ukweli, maana kwa ukongwe huu sina wa kumwogopa: nilifurahi. Tulikuwa wasichana watatu kati ya wavulana wengi, wavulana waliotuita wapishi na kutumwagia maji ya matope, na sasa walisimama mbele yangu mmoja mmoja wamenyosha viganja, macho yamewatoka. Nilijua kiganja cha kila mmoja. Nilijua nani anakunja vidole dakika ya mwisho, na huyo nilimchapa kwenye vifundo.

Na alama zikapanda. Hili ndilo jambo ambalo katika maisha yangu ya ukaguzi lilinisumbua kuliko yote, kwamba mtu angekuja na daftari lake kutupima, angesema shule ile imeamka. Watu walikariri usiku na mchana. Mzee Kalonga alimletea mwalimu jogoo. Mwalimu alimla bila hamu, na mimi nilikula paja zima. Wakati huohuo wavulana walishindwa kushika majembe kwenye shamba la shule kwa sababu viganja vilikuwa vimevimba na kupasuka. Siku moja tulipotoka, wanne kati yao walinivizia kwenye kivuko cha mto. Walinikandamiza uso kwenye tope mpaka nikameza, mmoja amenikalia mgongoni, mwingine ananivunja kidole gumba cha mkono wa kushoto. Aliyeniokoa ni Kasiani. Alikuwa mkubwa kuliko sisi, alichelewa kuanza shule kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake, na alikuwa anachunga jirani na pale. Alishuka na fimbo yake ya kuchungia, akampiga wa kwanza mdomoni, meno mawili yakatoka. Wengine walikimbia. Aliniosha uso kwa maji ya mto, akaniambia, "Na wewe punguza." Sikupunguza. Kesho yake nilichapa nikiwa nimekifunga kidole kitambaa, nacho kilipona kikiwa kimepinda.

Wakubwa nao hawakukaa kimya. Mwezi Julai mtu wa kwetu aliona matofali mapya ya Ng'ambo yamepangwa juani, akatangaza kwamba wenzetu wanajenga darasa jipya, kwa hiyo wameshaahidiwa mabati kabla ya mtihani. Baba zetu walivuka mto wakati wenye matofali wako misani, wakayakanyaga matofali yote yakawa vumbi. Jumamosi iliyofuata watu wa Ng'ambo walikuja mchana kweupe na mipini ya majembe. Sisi tuliwaangalia kutoka madirishani. Nilimwona mzee niliyekuwa nikimpa shikamoo kila Jumapili akimpiga mzee mwenzake aliyekwisha kuanguka, anampiga kwa utulivu kama anapura ulezi. Mzee Kalonga alivunjwa mkono. Matarishi walikuja kutoka bomani, wakawachapa viboko watu wa pande zote mbili bila kuuliza kisa, wakarudi. Barua ya baraza haikubadilika hata neno moja. Jumatatu Mwalimu Leonsi alitufundisha hesabu za kugawanya, na alipogeuka ubaoni niliona mabega yake yanatikisika.

Ikaja siku ya lile sikio, mwezi Agosti. Wazee watatu wa kamati walikuwa wamekaa nyuma ya darasa kwenye benchi, Mzee Kalonga katikati, mkono wake umefungwa shingoni. Walikuja kuona kama amri yao inafuatwa. Somo lilikuwa kilimo. Bwana Shamba alikuwa ameleta kitabu kidogo kutoka Sumbawanga, na mwalimu alituambia kwamba maswali ya mtihani yatatoka humo. Akauliza, "Majani ya shambani hufukiwa lini, na kwa namna gani?"

Kasiani aliinua mkono. Hakuwa anainua mara nyingi. Alisimama akajibu bila kusita, kwa sababu hili alilijua tangu ana miaka mitano: majani hufukiwa mvua zinapoelekea kwisha, yakiwa marefu na udongo bado laini, kwenye matuta ya mviringo. Yanalala humo kiangazi kizima yanaoza, na mvua mpya zikianza, tuta linavunjwa na kupandwa ulezi.

Mwalimu akanitazama mimi. "Yustina?"

Nilisimama nikasema kama kitabu kilivyosema: majani hufukiwa mwanzoni mwa mvua, kwenye matuta marefu yanayokata mteremko.

Hebu tazama darasa lile. Mwalimu Leonsi alikuwa Mfipa, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na matuta ya mviringo aliyoyainua yeye mwenyewe mwezi Machi, mimi nikimkusanyia majani. Wazee wale watatu walikuwa wameishi kwa ulezi wa matuta hayo, na babu zao pia. Hakuna mtu mle ndani, mkubwa wala mdogo, aliyekuwa hajui kwamba Kasiani amesema kweli na mimi nimesema upuuzi. Lakini kitabu kilikuwa mezani, mtihani ungetoka kitabuni, na mabati yangetoka kwenye mtihani. Mwalimu alilamba midomo. "Yustina amepata," alisema. "Kasiani amekosa."

Nilichukua fimbo. Kasiani hakunyosha kiganja. Alinitazama, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemngoja mwenzake amalize utani. Alisema, kwa Kifipa ili wazee wasikie vizuri, "Si ulikuwepo hapa mwezi wa tatu, ukikusanya majani? Si ulikula ulezi wa matuta?" Watu wakaanza kucheka. Wavulana wote ambao viganja vyao nilikuwa navijua walikuwa wananicheka, na nyuma kabisa Mzee Kalonga alikohoa. Nikamwambia Kasiani anyoshe mkono. Hakunyosha. Nikainua mkono wa kushoto nikampiga kichwani kwa nguvu zangu zote, mara mbili, ya kwanza ikampata juu ya jicho, ya pili ikampata sikio la kulia. Alikaa chini. Hakulia. Alishika sikio, na damu ikatoka katikati ya vidole, nyembamba, ikashuka mpaka kwenye kola. Nilikuwa bado nimeinua fimbo. Niligeuka kumtazama mwalimu, aniambie niache au niendelee, naye alikuwa anatazama kitabu.

Mzee Kalonga ndiye aliyesema. "Vizuri. Hapo sasa wanasoma." Wazee wakasimama wakatoka.

Jioni ile Mama Gaudensia aliniwekea chakula, ugali na dagaa, halafu akaenda kula kwa jirani. Kupitia tundu nilimsikia mama yake Kasiani amekuja kuuliza mwanawe amefanywa nini, na nikamsikia mwalimu akisema, polepole, kwamba hata yeye ameshangaa. Kumbe Kasiani mwenyewe alikuwa amemwambia mama yake kwamba ni ng'ombe, amempiga na pembe, na mama hakuwa ameamini. Mama aliondoka. Darasa zima lilishika neno la ng'ombe, na kamati pia, kwa sababu mkaguzi angesikia mtoto ametobolewa sikio, shule ingefungwa. Hakuna aliyetuita tukakubaliana. Kila mmoja alinyamaza kwa hesabu yake, na hesabu zikatoka sawa.

Mtihani ulikuwa Novemba. Alikuja mtu mgeni kutoka bomani, mwenye miwani na sauti ndogo, akasimama upande wa dirishani kutusomea imla. Kasiani alikuwa amepangiwa kiti ambacho dirisha lilikuwa kuliani kwake, upande wa sikio lile. Nilimwona anageuza shingo, anageuza mwili mzima, mpaka yule bwana akamkemea akidhani anamwibia jirani. Baada ya hapo alikaa ameangalia mbele, kalamu mkononi, haandiki. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, kila neno nalisikia. Mchana ikaja karatasi ya kilimo, na swali la majani lilikuwemo, la tatu kutoka juu. Niliandika jibu la kitabu kwa mwandiko mzuri.

Tulishinda. Tuliwapita Ng'ambo kwa watoto wachache, na mabati yalikuja, na mwalimu wa pili, na darasa la tano. Siku ya kuleta madawati, watu wa Ng'ambo waliyabeba wenyewe vichwani, wakavuka nayo mto, wakayatua uwanjani kwetu kwa mpangilio, kisha wakarudi bila kuaga. Mwanamke mmoja alikaa kwenye dawati la mwanawe akagoma kuondoka, wakambeba. Mimi nilipata nafasi ya shule ya bweni ya wasichana. Kasiani alifeli, akarudi kwa ng'ombe. Asubuhi niliyoondoka, Mwalimu Leonsi alinisindikiza mpaka barabarani amebeba sanduku langu. Tulipoliona lori alisema, "Nilidhani mkono wako ni mwepesi." Alisema kama mtu anayeomba radhi, lakini nilijua hakuwa ananiomba mimi.

Kwa miaka yote iliyofuata nilikutana na Kasiani mara kumi, labda na zaidi kidogo: sokoni, kanisani, kwenye harusi za watu. Kila mara alinisogelea akasimama ili niwe kushotoni kwake. Tulizungumza mvua, bei ya mahindi, wajukuu. Nilikuwa nimejiandalia sentensi, na kila mara niliirudisha nyumbani. Siku moja, nikiwa mkaguzi, nilipita na gari la serikali karibu na shamba lake mwezi wa tatu, nikamwona juu ya mteremko akiinua matuta yake ya mviringo, mistari kwa mistari. Nilimwambia dereva aendeshe. Mpaka wakati huo tulikuwa bado tunayo mitihani yenye majibu ya vitabu, na baadhi ya majibu hayo niliyapitisha mimi.

Siku ya tatu ya msiba, watu walipoanza kutawanyika, niliona watoto wa marehemu wanachukua majembe. Mjane wake, Fides, alisema mvua hazitangoja mtu amalize kulia, na matuta ya mzee yamebaki nusu. Nikasema nakwenda nao. Walinikatalia, Mama Mwalimu, umri wako, ukungu huu, na Fides akasema niachwe niende kama nataka. Shambani alinipa jembe, nikalipokea kwa mkono wa kushoto. Akaniangalia mkono, na kidole changu kilichopinda, muda mrefu kidogo.

"Alituambia ni ng'ombe," alisema. "Nikamwambia, mume wangu, kovu hili linakwenda kwa nyuma, ni la fimbo. Fimbo ya mtu anayetumia kushoto. Akacheka, akasema basi alikuwa ng'ombe wa kushoto."

"Ni mimi, Fides."

"Nimeona."

"Yeye ndiye aliyepata. Mimi nilikosa. Na nilijua."

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi hivyo, na nilikuwa nimeibeba zaidi ya miaka sitini. Fides alinionyesha mahali marehemu alipoishia, majani aliyoyalaza bado yako kwenye duara, yameanza kunyauka. Nilianza. Nilikata udongo na majani yake, nikaupandisha juu ya duara, kipande na kipande, pumzi inanikata, matone yananiingia machoni, na nilipomaliza nilirudi nyuma kutazama. Nilikuwa nimeuweka vibaya, upande wa majani umetazama juu, yangeota tena yote. Hata hilo nilikuwa nimelisahau.

"Umekosea, dada," Fides alisema.

Akaja kwangu na jembe lake. Nilisimama, na sijui kwa nini, nilijikuta nimenyosha kiganja. Alikitazama. Kisha akakishusha kwa mkono wake wenye udongo, akalivunja tuta langu, na akaanza kunionyesha upya, polepole, kutoka chini.